Karatasi ya ufundi iitangulie tingatinga

Mhariri,

Tangu habari za reli ya kisasa kutoka Naivasha hadi Kisumu na Malaba zirejee midomoni mwa watu, swali linaloulizwa Kondele, Ahero na Sondu ni moja: vijana wataandikwa lini? Sisi tunaofundisha ufundi wa ujenzi hapa Kisumu tunaona swali hilo limeacha pacha wake nyuma. Wataandikwa wakiwa na karatasi gani mkononi?

Tuanze na jina, maana linapotosha hata uchaguzi wa kozi. Wengi wanaiita treni ya mwendo kasi. Reli ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa 2017, ilisanifiwa kwa kilomita 120 kwa saa kwa abiria na 80 kwa mizigo, nayo inavutwa kwa dizeli. Kwingineko duniani reli mpya haiitwi ya kasi mpaka ifike kilomita 250 kwa saa. Majirani zetu Tanzania wamejenga ya umeme, kwa hiyo wanahitaji mafundi wa nyaya za juu na vituo vya kupozea umeme. Mzazi anayeuza ng'ombe ili mwanawe asomee umeme wa treni akidhani ndiyo kazi itakayojaa hapa, heri aulize kwanza. Hapa kitakachotafutwa kwa wingi ni udongo, zege, vyuma na mitambo ya kuchimba.

Na kazi hizo haziji kwa pamoja. Huja kwa mawimbi, na kila wimbi lina watu wake. Wa kwanza ni wapimaji ardhi na wasaidizi wao wa kushika fimbo na kufyeka njia: watu wachache, miezi michache. Kisha huja tingatinga, eskaveta, greda, rola na malori. Hapo ndipo vijana wengi hukwama, kwa sababu aliyejifunza kuendesha mtambo kwa kumtazama mjomba wake hana leseni ya daraja G, ile ya mitambo ya ujenzi na kilimo. Bima ya mtambo haimkubali mwendeshaji asiye na leseni, kwa hiyo hata foremani anayemjua na kumpenda hawezi kumkabidhi ufunguo.

Uwanda wa Kano, hapa Kisumu, utakuwa na kazi kuliko sehemu nyingi za njia, na sababu yake ni udongo mweusi. Ukilowa huvimba, ukikauka hupasuka; tuta lililokaa juu yake moja kwa moja litapinda na reli itapinda nalo. Lazima udongo huo uchimbwe na kubadilishwa, au reli ipitishwe juu ya madaraja. Ongeza mafuriko ya mto Nyando, na utaona kwa nini kalvati na nguzo za madaraja zitakuwa nyingi. Hizo ni kazi za fundi wa vyuma, seremala wa kutengeneza fomu za kumwagia zege, na mwashi. Lakini kazi ya udongo husimama mvua za Machi hadi Mei zikianza, na kibarua anayelipwa kwa siku hukaa nyumbani bila kitu. Anayepanga kuoa kwa pesa za mjengo na ahesabu miezi hiyo kuwa mitupu.

Fundi aliyezoea kujenga nyumba za kupangisha Manyatta atapata mshtuko wa pili kwenye zege. Nyumbani vipimo ni karai, na mchanganyiko ukiwa mzito huongezewa maji ndipo umiminike vizuri. Kwenye reli, maji hayo ya ziada ndiyo yanayomfukuzisha mtu kazi. Zege hupimwa ulaini wake kabla ya kumwagwa, kisha hujazwa kwenye vibweta vya milimita 150 kila upande, na vipande hivyo huvunjwa kwa mashine baada ya siku 7 na siku 28. Vikishindwa, nguzo inaweza kubomolewa. Kosa jingine ni kulaza vyuma juu ya fomu bila vijiwe vya kuviinua: chuma kisichofunikwa na zege ya kutosha hushika kutu, na kutu hupasua zege kutoka ndani. Mambo haya hufundishika kwa majuma machache. Tatizo ni kwamba watu husubiri kufundishwa na kufukuzwa kwao.

Kuna pia mataruma, yale magogo ya zege yanayolala chini ya reli. Yakipangwa kwa nafasi ya sentimita 60, kilomita moja inameza mataruma 1,667 hivi. Njia ya Naivasha hadi Kisumu ni zaidi ya kilomita 260, kwa hiyo tunazungumzia zaidi ya mataruma 430,000 kabla hujahesabu njia za kupishania. Hayo hutengenezwa kiwandani, zamu baada ya zamu: kusafisha fomu, kuvuta nyaya za chuma, kumwaga, kufukiza mvuke, kutoa na kupanga. Kazi hiyo inarudia jambo lile lile kutwa, na inamfaa mwanamke sawasawa na mwanamume, ingawa kwenye malango utasikia nyapara akisema "tunataka wanaume watano".

Kulaza reli yenyewe hakuajiri wengi kama watu wanavyodhani. Mashine hufanya sehemu kubwa, na kuichomelea reli hakumhusu mchomeleaji wa mageti.

Sasa karatasi. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Kiviwanda, NITA, hutahini mafundi katika daraja la III, la II na la I, na ina kituo Kisumu. Mtu aliyejifunzia kazi jua kali anaweza kutahiniwa bila kukaa darasani miaka miwili. Lakini mitihani huja kwa misimu, na cheti hakitoki siku ya mtihani. Mwanakandarasi akishaweka kambi, anayeanza kujisajili ameshachelewa kwa miezi, na nafasi ya fundi itachukuliwa na mtu kutoka Machakos au Mombasa aliyekwisha kufanya reli ya kwanza na ana cheti. Aliyechelewa atabaki kubeba karai kwa malipo ya karai.

Pamoja na cheti kuna makaratasi madogo ambayo huangusha watu wakubwa. Jina kwenye kitambulisho liwe sawa, herufi kwa herufi, na lile la cheti, la PIN ya KRA (kodi), la NSSF (akiba ya uzeeni) na la SHA (bima ya afya). Cheti cha tabia njema kinahitaji alama za vidole, kwa hiyo usingoje wiki ya kuandikwa. Na nambari ya M-Pesa iwe imesajiliwa kwa jina lako. Mshahara ukiingia kwenye laini ya kaka, kesi hiyo ni ya familia, si ya mwajiri.

Ukishaingia, nunua daftari. Andika tarehe, saa, kazi uliyofanya na jina la kampuni ndogo iliyokuita, kwa sababu vibarua wengi hawaajiriwi na mwanakandarasi mkuu bali na kampuni ndogo chini yake, na kampuni hizo zikifunga ofisi kila mmoja humnyooshea mwenzake kidole. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, au kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kumalizika kabla ya miezi mitatu, huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi. Tuta la reli halimalizwi kwa miezi mitatu. Buti, kofia na glavu ni wajibu wa mwajiri. Kukatwa pesa kwa ajili yake ni kinyume cha sheria ya usalama kazini. Ukiumia, mjulishe msimamizi siku hiyo hiyo na mbele ya shahidi: mwajiri ana siku 7 za kuripoti, na asiporipoti, daftari lako na shahidi wako ndio watakaosema.

Vikundi vya akina mama vinavyopanga kuuza chakula kambini navyo vinahitaji hesabu. Wafanyakazi 400, robo kilo ya mboga kila mmoja kwa siku, ni kilo 100 kila siku. Kwa siku 30 ni tani tatu. Kikundi chenye vishamba viwili vya robo ekari kitaleta wiki mbili kisha kikose, na zabuni iende Nairobi. Vikundi kadhaa viungane na vigawane siku. Visajiliwe pia kwenye eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, maana kampuni haiwezi kudai gharama isiyo na ankara hiyo na haitanunua. Halafu waulize mapema malipo huja baada ya siku ngapi. Siku 60 za kungoja pesa zinaweza kufunga hata kibanda chenye wateja tele. Cheti cha AGPO, cha vijana, wanawake na walemavu, ni kizuri kwa zabuni za serikali, lakini chenyewe hakimlazimishi mwanakandarasi binafsi kukununulia.

Wenzetu wa Nakuru wana uchungu wao kwa kuwa njia hii inapita Narok na Bomet. Salgaa, inayoishi kwa malori, ina sababu ya kuhofia zaidi. Lakini mafundi wanaotoka vyuo vya Nakuru hawazuiwi na ramani, na machimbo ya mawe ya Bonde la Ufa yanaweza kuuza kokoto. Ila ya reli ni ya mawe magumu yenye pembe kali, saizi moja, isiyo na vumbi. Ile ya kupondwa kwa nyundo kando ya barabara huchanganya saizi na vumbi, na vumbi likiziba nafasi, maji hayatoki, tuta linalainika. Lori litarudishwa likiwa limejaa.

Ombi letu kwa serikali za kaunti ni dogo. Kabla kambi haijawekwa, mwanakandarasi atoe orodha ya fani anazohitaji kwa kila miezi mitatu, idadi na daraja, ibandikwe kwa chifu kila lokesheni, kwa Kiswahili na kwa lugha ya hapo. Leo orodha pekee inayozunguka vijijini ni ya majina yaliyoandikwa na wanasiasa, nayo haisemi hata mmoja wao anajua kufanya nini.

Wakufunzi wa ufundi wa ujenzi,
Kisumu