Sipunguzi Bawa: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Sisi huku Tanga hatujambo. Bibi yako miguu inamsumbua kwa sababu ya mvua, lakini anakula na anagomba kama kawaida, kwa hiyo ni mzima. Natumaini nawe huko Mbeya baridi haijakuzidi na masomo yanakwenda.

Ile picha ya ndege yetu ya mfano niliyokutumia nimeiona umeirudisha na duara jekundu: "Mama, bawa la kulia limezidi, punguza." Sipunguzi. Na kwa kuwa maelezo yake hayaenei kwenye ujumbe wa simu, nimeona nikuandikie barua.

Bawa la kulia limezidi kwa sababu ndege yenyewe ilikuwa hivyo. Wale ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, walipounda Flyer ya 1903, ndege yao ya kwanza yenye injini, injini waliiweka kulia kidogo ya katikati, na rubani akalala kifudifudi upande wa kushoto. Injini ilikuwa nzito kuliko mtu. Ndege ingelala upande mmoja, basi wakarefusha mabawa ya kulia, la juu na la chini, kwa inchi 4, yaani kama sentimita 10, ili upande wenye mzigo upate kunyanyuliwa zaidi. Sisi tunaunda kwa kipimo cha moja kwa ishirini. Sentimita 10 gawa kwa 20 ni milimita 5. Ndizo hizo ulizozizungushia duara.

Najua ulichokitegemea. Umezoea ndege za siku hizi, ukikunja karatasi katikati pande zote zinalingana. Hii ya kwetu hailingani karibu popote. Hata ncha za mabawa utaona zimeshuka kidogo kuliko katikati. Usije ukaniambia mbao zimelegea. Ndugu wale walizishusha makusudi, maana walikuwa wakiruka karibu na ardhi kwenye vilima vya mchanga na upepo wa ubavuni ulikuwa ukiwasumbua bawa linapoinuka. Kwa hiyo kazi ya kuunda ndege hii ni kupima kwanza, jicho baadaye. Jicho litataka kunyoosha kila kitu.

Sasa nikueleze nilipofika tangu uondoke.

Mbavu za mabawa zimekwisha. Ulikuwa umependekeza kila ubavu uwe kijiti kimoja tu cha mwanzi, kwa hoja kwamba nguo itafunika. Nimekataa. Zile za kweli zilikuwa fito mbili nyembamba, moja juu na moja chini, zimetenganishwa na vibao vidogo katikati, na nguo ninayotumia ni nyepesi mno. Ukiinua bawa mbele ya dirisha kila kilichomo ndani unakiona. Nimechukua vijiti vya mishikaki, vile vya mianzi, nimevipasua kwa kisu cha mjomba wako mpaka vikawa kama milimita moja, nikaviloweka kwenye maji ya moto na kuvifunga kwenye kalibu usiku kucha. Kalibu mjomba wako ndiye aliyechonga, kwa kipande cha mninga. Upana wa bawa kutoka mbele hadi nyuma ulikuwa mita 1.98, kwetu ni sentimita 9.9, na mbinuko wake ulikuwa sehemu moja ya ishirini ya upana huo. Kwa hiyo kwetu ubavu unapanda milimita 5 tu, na kilele kinakaa kuelekea mbele, siyo katikati. Mjomba alipoimaliza akaniuliza kama nina uhakika, maana kwa macho yake kalibu ilikuwa karibu bapa. Nikamwambia pima. Akapima, akanyamaza.

Nguo ndiyo iliyonichukua muda, na sijutii, maana ndiyo kazi yangu.

Wao walitumia pamba nyeupe nyepesi, ya kawaida kabisa ya dukani. Ukitafuta nguo ya namna hiyo hapa mjini utapewa amerikani, lakini kwa ndege yetu amerikani ni nene kama turubai. Bafta nayo haikufaa. Mwisho nilipata melimeli ya zamani kwenye kasha la bibi yako, imefuliwa mpaka imelainika, nyuzi zake huzioni mpaka uisogeze puani. Nikamwomba. Alinihoji sana kabla ya kunipa.

Pale ndipo nilipowaheshimu wale vijana wa Dayton, Ohio. Nguo yao hawakuikata kwa kufuata mnyoofu wa uzi kama mtu anayeshona shuka. Waliikata mshazari, nyuzi zikapita pembe kwa pembe kwenye fremu, kwa digrii 45. Fremu ya mstatili ukiisukuma kona inalala, wewe mwenyewe uliniambia hilo ulipoanza kusoma mambo ya majengo, na dawa yake ni kufunga kitu kutoka kona hadi kona. Nguo ya mshazari inafanya hivyo kila mahali kwa wakati mmoja. Kila uzi ni waya wa kukazia. Tena juu na chini ya bawa kote kuna nguo, na mbavu zimepita ndani ya mifuko iliyoshonwa kwenye nguo hiyo, hazikupigiliwa. Mimi nimekata mshazari maisha yangu yote ili gauni limwage vizuri kiunoni, na sikuwahi kufikiri mtu anaweza kukata hivyo ili kitu kisipinde.

Shida ya mshazari unaijua, umekua chini ya cherehani yangu: inavutika. Ukiigusa tu imekwenda. Kwa hiyo kwanza niliipitisha kwenye wanga mwepesi, nikaipiga pasi ikiwa na unyevu, nikaibana mezani kwa pini, ndipo mkasi ukafuata. Kushona nimeshona kwa mkono. Cherehani yangu hata nikiiweka kwenye mshono mdogo inatoa milimita 2, na kwa kipimo chetu huo ungekuwa mshono wa sentimita 4 kwenye ndege ya kweli. Hakuna fundi wa kukubali aibu hiyo. Nimetumia sindano ya kutungia shanga na uzi mmoja uliochomolewa kwenye ukingo wa melimeli hiyo hiyo. Jioni sishoni, macho yanakataa. Nashona asubuhi mlangoni.

Kuna jambo moja nililisoma kuhusu ndugu hao ambalo limenifurahisha kuliko lile la kuruka. Mwaka 1900, Wilbur alipokwenda Kitty Hawk kule North Carolina na glaida yao ya kwanza, yaani ndege isiyo na injini, hakupata mbao ndefu alizotaka njiani, akaishia na za futi 16 badala ya 18. Mabawa yakawa mafupi kuliko nguo iliyokwisha kushonwa nyumbani. Basi akaazima cherehani ya mwenyeji wake, Bi Addie Tate, akakaa akaikata na kuishona upya mwenyewe. Walipomaliza majaribio ya mwaka ule waliiacha glaida pale pale mchangani, na yule mama akaichukua nguo ya mabawa, satini nzuri, akawashonea binti zake wawili magauni. Fikiria. Kitu cha kwanza cha ndugu Wright kilichombeba mtu hewani kiliishia kuvaliwa na watoto wa kijijini. Nami ningefanya vivyo hivyo, tena ningebakiza kipande cha kitambaa cha mezani.

Mama yao naye alikuwa mtu wa mikono. Susan Koerner aliitwa, binti wa fundi wa magari ya farasi, akiwaundia watoto wake vitu vya kuchezea. Alifariki 1889, hakuiona ndege.

Rangi sasa. Umeniandikia kwamba watu wengi wanachovya nguo kwenye chai ya rangi ili ionekane ya zamani. Hapana. Ile asubuhi ya 17 Desemba 1903, kwenye mchanga wa Kill Devil Hills, ndege hii haikuwa ya zamani. Ilikuwa mpya, nguo nyeupe, haikupakwa chochote cha kuziba matundu. Ukungu wa kahawia unaouona kwenye picha za makumbusho ni wa miaka mingi ya baadaye, tena hata nguo ile siyo ya kwanza: ndege ilivishwa upya 1927 kabla ya kupelekwa London, ikavishwa tena 1985 ilipokuwa Washington. Sisi tunaunda ndege ya asubuhi ile. Iliruka mara nne tu maishani mwake, ya kwanza sekunde 12, mita 36 na ushee, Orville akiiendesha. Ya nne Wilbur akakaa hewani sekunde 59 na kwenda mita 260. Kisha upepo ukaibinua ikiwa imeegeshwa, ikavunjika, isiruke tena. Haikupata nafasi ya kuchakaa.

Kwa sababu hiyo hiyo matairi hayawekwi. Najua umeshachonga mawili. Yahifadhi. Chini yake kulikuwa na mataruma mawili ya mbao ya kutelezea, nayo ilianza safari juu ya reli ya mbao ya futi 60, ikibebwa na kigari chenye vitovu vya baiskeli. Reli yenyewe waliipa jina la utani, Junction Railroad, kana kwamba ni njia kuu ya treni. Kwa kipimo chetu reli inafika sentimita 91, ndefu kuliko ndege, maana ndege yote kutoka ncha ya bawa hadi ncha nyingine ni sentimita 61 na nusu. Kabati la sebuleni halitoshi. Baba yako ameshaanza kulalamika kabla hata hajaiona.

Nyaya nimezianza. Natumia uzi mweusi wa nailoni, kwanza naupitisha kwenye nta ili usitoe manyoya. Mbele, kila chumba kati ya nguzo na nguzo kina X iliyokazwa. Nyuma ni tofauti, na hapa usije ukaniongezea nyaya kwa huruma: vyumba vya mwisho kuelekea ncha havina X ya kukaza. Hapo ndipo zinapopita kamba za kupinda bawa. Rubani alilala nyonga zake zikiwa ndani ya kitanda kidogo cha mbao, akisogeza nyonga kulia au kushoto kamba zinavuta, bawa moja linapinda ncha ya nyuma chini na lingine juu, na usukani wa nyuma unageuka nao. Ukifunga X pale umeifanya iwe sanamu. Ya kwetu inapinda. Nimeijaribu kwa kidole, na ile melimeli ya mshazari inafuata bila kukunjika hata mahali pamoja. Hapo nilimwita bibi yako aje aone, akasema kumbe kasha lake limefaa kwa kitu.

Mapangaboi mawili nimemwachia mjomba, sentimita 13 kila moja, yanakaa nyuma ya mabawa na yanazunguka kwa kupingana. Mwambie na wewe, maana mimi hanisikilizi, asichonge yote mawili kuelekea upande mmoja. Ncha zake zitavishwa kitambaa, kama zao, walivyozuia mbao isipasuke. Cheni za kuyazungusha natoa kwenye ule mkufu wangu wa gilti uliokatika, na mirija ya kupitishia cheni ni ya kalamu za Bic zilizokwisha wino. Cheni moja inakwenda moja kwa moja. Ya pili imepishana katikati kama tarakimu nane, na hivyo tu ndivyo pangaboi lake linavyogeukia upande wa pili. Wauza baiskeli, walitatua jambo kwa cheni. Hata magurudumu ya meno ya cheni yalipolegea kwenye ekseli waliyagandisha kwa gundi kali ya kubandikia tairi za baiskeli.

Injini bado ni kipande cha mti kilicholala ubavu. Ile ya kweli ilikuwa na silinda nne, nguvu za farasi kama 12, na Charlie Taylor, fundi wa karakana yao, aliitengeneza kwa wiki sita. Mimi najua cherehani, injini siijui, kwa hiyo hapo nakusubiri. Rubani nimeshamshonea suti. Ndiyo, suti, na kola ngumu na tai; ndivyo walivyovaa kwenda kulala kifudifudi kando ya injini. Suruali imenipa taabu kwa sababu ya udogo, lakini koti limekaa vizuri sana mabegani.

Nahitaji vitu viwili. Ukipita kwa mafundi wa kusuka mota huko, waombe waya mwembamba kabisa wa shaba, mabaki tu, kwa ajili ya bomba la petroli linaloshuka kutoka kwenye kitangi cha kwenye nguzo, na kwa rejeta iliyosimama wima kama ngazi. Pili, nipimie kwenye michoro yako umbali kutoka ukingo wa mbele wa bawa hadi yale mabawa madogo ya mbele, maana kwenye nakala uliyoniachia namba ile imefutika na sitaki kukisia.

Fremu ya usukani wa nyuma sijaigusa. Mbao zake mjomba amekuwekea, utaiunda mwenyewe ukija likizo. Melimeli imebaki ya kutosha, usinunue.

Baba yako anakusalimu, bibi yako anakusalimu na anauliza kama unavaa soksi.

Mama yako