Barua kwa Dada Zuhura: Msizisugue Pesa za Bibi

Lynn, Massachusetts
Jumapili usiku

Dada yangu Zuhura,

Assalaam aleykum. Shikamoo. Ama baada ya salamu, mimi huku sijambo, kazi ni ileile ya usiku na mwili bado unanitii. Hofu na mashaka ni juu yenu, na juu ya paa la Mama.

La fedha nalitanguliza ili usisome barua yote roho ikiwa juu. Dola 900 nimempa mtoto wa Bi Asha wa Malindi, anasafiri Alhamisi. Atazitia mkononi mwako wewe, si kwa mtu mwengine. Dola 600 zilizobaki zitafuata kabla ya masika, inshaallah. Mabati chukueni geji 28, na fundi asianze mpaka umeyaona kwa macho yako. Yale mepesi aliyotuletea Ami Kombo mara ile yameshatutia adabu.

Sasa nije kwa Hamadi. Ile sauti aliyoirusha kwenye kundi la ukoo nimeisikiliza mara tatu. Ati mwenzenu yuko Marekani ananunua vishaba vya zamani huku mama mzazi anakinga maji kwa beseni. Hayo nimeyameza, ni mdogo wangu, na beseni ni kweli lipo. Lililonikata maini ni picha aliyoituma baada yake. Pesa za Bibi Time, zile sarafu za shaba za Sayyid Barghash, zimepangwa juu ya mkeka, zote zinawaka, rangi ya waridi kama goti la mtoto aliyeanguka barabarani. Nimeijua kazi ile hata kabla hajasema: ndimu na majivu. Anasema watalii wanapenda kitu kinachong'ara. Nimezihesabu kwenye picha, ni 31. Ndani ya kopo la Bibi zilikuwa 43, mimi ndiye niliyekuwa nikizihesabu kila Bibi akilala mchana, unakumbuka alivyokuwa akinifokea. Kwa hiyo kuna 12 ambazo huenda mkono wake haujazifikia, na ndizo zilizonifanya nikae niandike usiku huu.

Dada, shaba ina ngozi. Ikishachubuliwa hairudi. Mimi nimelijua hili kwa kosa langu mwenyewe, mwaka wa kwanza nilipofika. Nilinunua senti moja ya Marekani ya mwaka 1848 kwenye gulio la vitu vikuukuu, kubwa, nzito, nyeusi tititi. Nikafanya kama tulivyokuwa tukisugua masinia ya Mama kuamkia Idi: ndimu, chumvi, kitambaa. Ikang'ara, nikafurahi, nikaipeleka kwa mzee mmoja muuza sarafu. Aliitia chini ya taa, akaiinamisha huku na huku, akanirudishia kiganjani bila kutaja bei. Akaniambia rangi ile iliijenga yenyewe kwa miaka zaidi ya 150, na mimi nimeiondoa kwa dakika tano. Nilirudi kwa miguu mpaka nyumbani, basi sikulipanda. Bado ninayo, na sasa miaka mingi imepita, imefanya weusi wa madoadoa kama ndizi iliyolala. Ile rangi yake ya mwanzo haikurudi.

Ndiyo maana nataka ukae uwasomee wote, Mama na Hamadi na hata Ami Kombo, mjue hivyo vishaba ni nini.

Hapa nilipo, mji wa jirani ni Salem. Ukisikia neno merikani kwa maana ya kitambaa, ile jora ya Bibi ya kuzikia na kushonea magodoro, jina lilitoka huku. Majahazi makubwa ya Salem yalikuwa yakija Unguja kuleta vitambaa na kuchukua pembe za ndovu na sandarusi, ule utomvu mgumu wa mti, na sandarusi ikifika hapa ilikuwa na kiwanda chake cha kuisafishia. Mkataba wa Sayyid Said na Marekani ni wa mwaka 1833, na balozi wao wa kwanza aliyewekwa Unguja mwaka 1837, Richard Waters, alikuwa mtu wa Salem hiyohiyo. Mimi Jumamosi nikitoka kazini huenda nikatembea pale gatini, nikanusa chumvi, nikafumba macho. Harufu ya maji ni nyengine, hakuna karafuu wala dagaa. Lakini natosheka.

Na ni Salem hiyo iliyotoa senti yangu. Sikilizeni vizuri hapa, maana hii ndiyo fahari yangu na sioni haya kuisema. Wanasimulia kwamba mwishoni mwa miaka ya 1790 Benjamin Goodhue, mtu wa Salem aliyekuwa seneta, alichukua mfuko wa senti mpya kutoka kiwanda cha sarafu cha Philadelphia, kama elfu moja hivi, za mwaka 1796 na 1797, akawapa binti zake. Hazikutumika. Zilikaa ndani ya ukoo mtoto akimrithisha mtoto, hadi zikamfikia mtu wa ukoo wa Nichols wa hapohapo Salem, naye akaanza kuzitoa moja moja karibu na mwaka 1860, kwa dola moja kila moja. Mpaka leo wakusanyaji huziita senti za Nichols. Senti nyingine nyingi za miaka ile zimesagika kwa kupita mikononi, au zimeliwa na kutu ardhini. Hizi zilikuwa zimelala.

Mimi ninayo moja. Ya mwaka 1797, aina ambayo vitabuni ni namba 135. Ukiitia kiganjani inajaa, ni pana karibu milimita 29, na uzito wake wa kisheria ni kama gramu 11. Upande mmoja yuko mwanamke wa Uhuru, nywele zimemwagika mabegani, utepe kisogoni. Upande wa pili shada la majani na neno la senti moja katikati. Rangi yake ni ya tende iliyoiva vizuri, na kwenye vipembe vya herufi, pale ambapo kidole hakifiki, umebaki wekundu wa shaba ya siku ile ilipotoka kwenye mashine. Ukiizungusha chini ya taa, mwanga unakwenda nayo kama tairi la baiskeli. Hiyo ndiyo tunayoitazama sisi, ule mwanga unaozunguka. Ukiisugua mara moja tu, mwanga unakufa, na hakuna fundi wa kuurudisha. Mimi naishika kwa kingo tu, vidole viwili, juu ya taulo ili ikiniponyoka isiumie, na vumbi naliondoa kwa kiburashi laini cha manyoya.

Iliniuma kuipata. Nilikusanya miaka 9 vijisarafu vya daraja la katikati, nikaviuza 14 ili ninunue hii moja. Ni dola 3,800, nasema wazi, maana najua Hamadi ataitia chumvi mpaka ifike elfu ishirini. Sikuitoa katika fedha ya nyumbani. Mwezi gani sikuleta? Fungueni daftari lako dada, uwasomee.

Na hapa kwetu si mimi mwendawazimu peke yangu. Senti ya kwanza kabisa ambayo kiwanda cha Philadelphia kiliitoa kwa wingi, ya mwaka 1793, zilitengenezwa 36,103 tu. Katika hizo, moja nzuri iliuzwa mnadani mwaka 2012 kwa dola milioni 1.38. Siku hizo shaba ilikuwa tabu, kiwanda kilikuwa kikinunua hata masufuria mabovu ya watu kikayayeyusha. Baadaye ndipo wakawa wanaletewa vipande vilivyokatwa tayari kutoka Birmingham, Uingereza, ndani ya mapipa. Walipopigana na Waingereza mapipa yakakatika, ndiyo maana hutaona senti ya mwaka 1815.

Ile ya 1793 nimepata kuishika, kwenye maonesho, mwenyewe amenisimamia. Nyuma ina mnyororo. Pete 15, kila jimbo pete yake, wao walikusudia umoja. Lakini watu wa wakati ule hawakuupenda, walisema mnyororo ni ishara mbaya kwa taifa linalosema uhuru, na haukufika mbali, wakaweka shada la majani badala yake. Mimi niliitazama nikasahau bei. Nilikuwa Mkunazini, dada, palipokuwa soko la watumwa, siku ile skuli walipotupeleka, tumesimama foleni juu ya shimo lenye zile sanamu za mawe na minyororo shingoni, na wewe umenishika mkono. Yule mwenyewe aliniuliza kama niko salama. Nilimrudishia sarafu yake nikaenda kunywa maji.

Jengine nataka Hamadi alisikie, kwa sababu kopo lile Bibi alilitoa kwa wote, hakumpa mmoja. Kipimo tunachopimia ubora wa sarafu, kutoka 1 mpaka 70, kilitungwa na daktari mmoja, William Sheldon, mwaka 1949, kwa ajili ya senti hizihizi. Hesabu yake ilikuwa kwamba kama iliyochakaa kabisa ni dola moja, iliyo kamili ni dola 70. Leo wapimaji wengi wa sarafu wanatumia namba zake. Basi mtu huyo huyo, baada ya kufa kwake, ilibainika alikuwa akienda kwenye hazina ya jumuiya ya sarafu ya New York, anatoa nzuri zao na kuweka zake mbovu mahali pake. Alikuwa mwalimu wao, wakamwamini. Wazee wa huku wakilitaja jina lake unaona nyuso zinabadilika, wanasema ametuachia kipimo na ametuachia aibu. Kopo la Bibi ni amana. Simwiti Hamadi mwizi, astaghfirullah. Lakini amana haifunguliwi na mmoja usiku ikaamkia kwenye maduka ya vinyago.

Najua mtaniuliza zina thamani gani. Nitasema kweli: si nyingi. Pesa za Sayyid Barghash za mwaka 1299 wa Hijria, zile zenye mizani upande mmoja, zilitengenezwa nyingi na zipo nyingi, hata huku naziona kwa dola chache. Zikiwa na rangi yake ya asili zinapanda kidogo, zikisuguliwa zinashuka. Sikuzitaka kwa kuuza. Mimi nilianza na zile, dada. Kabla sijaijua Philadelphia wala Salem, nilijua mizani ile kwa ncha ya kidole gumba, chini ya uvungu wa kitanda cha Bibi, gizani. Kila senti ya Marekani ninayoinua chini ya taa naitafutia ule uzito.

Kuhusu hizo dola 600: ninazo senti mbili za mwaka 1818 na moja ya 1820, nyekundu bado, katika zile zilizokutwa ndani ya kipipa kule Georgia, chini ya jukwaa la stesheni ya treni, baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Nazipenda, lakini mwezi ujao kuna maonesho na mzee yule yule wa siku ya ndimu ameshaniambia atazichukua. Mama asiambiwe zimetoka wapi. Aambiwe paa limepatikana.

Sasa ninalokuomba. Zile 12 zichukue leo kabla ya magharibi. Msizioshe, hata kwa maji. Msizifute kwa khanga. Usizitie kwenye mfuko wa nailoni laini, nailoni ile inatoa jasho na shaba inaota kijani. Kila moja ifunge kwa karatasi safi peke yake, uzitie kwenye kopo kavu pamoja na vile vipakiti vidogo vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, kopo ulitie kabatini kwako, mbali na upande wa baharini. Hizo 31 zilizokwisha chubuliwa mwambie Hamadi asiziguse tena. Ziache zikae, baada ya miaka zitafanya weusi wake, ingawa hautakuwa ule.

Na yeye mwambie nimemsamehe, lakini anipigie simu mwenyewe, asitume sauti. Kama shida ni fedha ya mtaji wa duka, tuzungumze kama ndugu. Nilimbeba mgongoni kuvuka maji ya Mtoni, hawezi kunishinda kusema.

Msalimie Mama, mbusu mkono wa kulia na wa kushoto. Msalimie Bi Asha, Ami Kombo, na Mwanaisha nimesikia amefaulu, nitamletea zawadi yake. Mwezi huu nimeota shelisheli la kuchoma siku mbili mfululizo.

Moja la mwisho. Ndani ya kopo kulikuwa na pesa moja yenye tundu, ile Bibi aliyonifunga shingoni kwa uzi mweusi nilipougua surua. Kwenye picha sikuiona. Ukiikuta usinitumie, bora ikae hapohapo. Nipigie picha tu, karibu na dirisha, asubuhi, niione kama bado ina weusi wake.

Ndugu yako,
Khatibu