Mwaka Aliosafiri Peke Yake

Wete, Pemba

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, barua yako imenifika, na khabari ya maradhi ya mkweo imenihuzunisha sana. Umeniuliza kilichomkatisha mama mdogo matibabu yake ya mionzi ya saratani mwaka 2020, kwa kuwa umesikia maneno mengi yasiyolingana. Nitakueleza nilivyoyaona mwenyewe.

Wakati ule mgonjwa wa saratani ya shingo ya kizazi kutoka kwetu hakuwa na budi kuvuka hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Mionzi yenyewe hutolewa siku 5 kwa wiki, kwa muda wa wiki 5 hivi, kisha hufuata ile inayotiwa ndani ya mwili, penye uvimbe wenyewe. Ndiyo maana mtu wa Pemba hahesabu bei ya matibabu peke yake. Huhesabu nauli za boti, pahala pa kulala, chakula, na msindikizaji ambaye naye ameacha shughuli zake nyumbani. Gharama hizo kwetu alizibeba kaka, aliyekuwa mhudumu wa hoteli Nungwi.

Tarehe 16 Machi 2020 alitangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, huko Arusha, na haikupita wiki Zanzibar nayo ikampata wake. Watalii walikatika, hoteli ikafunga milango, na kaka akarudi Wete na begi moja na mshahara wa nusu mwezi. Mama mdogo wakati huo alikuwa Dar es Salaam pamoja na wifi yangu, wiki ya pili ya mionzi, wamefikia kwa jamaa.

Jamaa wale siwalaumu sana, kwani khofu ilikuwa ya kila mtu. Walimwona anakwenda hospitali kila asubuhi na kurudi jioni, wakaanza kumtengea sahani na kikombe, kikombe cha plastiki cha kijani kilichowekwa dirishani, mbali na vyombo vyengine. Kumbe aliyestahiki kuogopa zaidi ni yeye, kwa sababu dawa alizokuwa akitiwa mshipani hupunguza chembe nyeupe za damu, na mwili unakosa nguvu za kupigana na maradhi. Hakusema neno. Fedha zilipokwisha alirudi, hali amebakisha zaidi ya nusu ya mionzi yake.

Alikaa nyumbani miezi minne. Unajua kwetu mgonjwa hakosi watu barazani, lakini safari hii hata mashoga zake wa tangu skuli walimsalimu kwa kupitia dirishani, na alipokohoa kwa vumbi la kufagia, jirani mmoja alimwita mwanawe ndani. Nadhani hilo lilimuumiza kuliko maumivu ya tumbo. Maumivu nayo yalizidi, maana mionzi ikikatwa katikati saratani hupata nafasi ya kuota upya.

Mwisho tulikodisha mikarafuu yake mitatu, karafuu zikiwa bado changa mtini, kwa bei ambayo hata kuitaja naona haya. Mwenye kukodi alijua tuna haja, na mwenye haja hana bei. Fedha ile ilitosha mtu mmoja. Asubuhi ya safari, bandarini Mkoani, nilimwambia nitajitahidi nipate nauli nimfuate. Yeye akafungua pindo la kanga, akahesabu noti polepole, akanirejeshea shilingi elfu kumi. "Mnunulie kaka yako mchele," akasema, "mimi njia naijua." Akapanda boti na mkoba wake na faili la hospitali lililofungwa kwenye mfuko wa nailoni.

Madaktari walilazimika kumpangia upya, na alimaliza. Leo, alhamdulillahi, yuko hai na anasuka ukili, ingawa mikarafuu ilikaa misimu mitatu mikononi mwa mtu mwengine, na nyumba ile ya Dar es Salaam hajakanyaga tena.

Kwa hiyo, shoga yangu, usimwache mkweo avuke peke yake, na faili lake litoe nakala mbili. Niandikie tarehe aliyopangiwa. Karafuu za mwaka huu nimeshaanika, nami nitashuka Unguja siku mbili kabla, nivuke naye.

Wasalaam,
Shoga yako