Kwako uliyesema huna dini tena

Mdogo wangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara nyingi. Umeandika kwamba dini umeiacha, ukataja sababu mbili tu: yule mzee, na kwamba ukisali husikii kitu. Nimeshindwa kukujibu kwa simu. Na kwa kuwa najua wapo wengi waliokwama hapo ulipokwama wewe, naandika hadharani; jina lako linabaki kwangu.

Nianze na mzee. Tulimwamini kwa sababu tulikuwa tukimwona anasali. Hiyo ndiyo hoja pekee iliyotolewa siku alipokabidhiwa fedha alizowaachia ninyi marehemu baba yako, baba mdogo kwangu: "Huyu ni mtu wa dini." Hakuna aliyetaka iandikwe. Ulikuwa na miaka tisa. Baada ya miaka mitatu ukarudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, na ile barua ya shule unaitunza mpaka leo. Fedha hazikuonekana, na yeye hakuacha kulitaja jina la Mungu. Kama dini ni ile, hata mimi siitaki.

Lakini isome tena Surat al-Maun, sura ya 107 ya Qurani. Ina aya saba, fupi mno, watoto huihifadhi mapema, na labda ndiyo maana wakubwa tunaipitia bila kuisikia. Inaanza kwa swali: umemwona yule anayeikanusha dini? Mtu angetegemea atajwe asiyekanyaga msikitini. Anayetajwa ni yule anayemsukuma yatima. Kisha inawageukia wanaosali ili waonekane, na huku wananyima hata msaada mdogo. Wafasiri wa kale, wakiueleza msaada huo, walitaja chungu, ndoo, shoka, vitu vya kuazimana majirani. Nao ndugu zetu Wakristo wa upande wa mama yako wana Waraka wa Yakobo katika Biblia. Sura ya kwanza, mstari wa 27, inapoeleza dini iliyo safi, linalotangulia ni kuwaangalia yatima na wajane katika dhiki yao. Vitabu hivi viwili vinatofautiana katika mambo makubwa, lakini mlangoni kwa yatima vimekutana. Basi wewe uliyekuwa yatima mwenyewe, ulipomkimbia yule mzee, ulimkimbia mtu ambaye maandiko yalikwisha kumtaja.

Hata lugha yetu inasema kitu hapa. Dini na deni tumezipokea kutoka Kiarabu, na huko zina mzizi mmoja. Siku ya Malipo inaitwa yaumuddin. Imani, amana na amani nazo ni za tumbo moja. Maneno haya yamenifaa kuliko mahubiri mengi niliyoyasikiliza. Mtu wa dini, kwa ninavyoelewa mimi, ni yule anayeishi akijua anadaiwa, na mwenye imani ni yule unayeweza kumwachia kitu chako ukasafiri.

Unamkumbuka shangazi? Jirani alimwachia bahasha ya fedha, akaenda safari, akakawia karibu mwaka. Mwaka huohuo mtoto wa shangazi akalazwa. Nilimwona kwa macho yangu akizunguka kukopa, ameinamisha kichwa mbele ya watu asiopenda hata kuwasalimu, na bahasha ipo kabatini chini ya nguo zake. Jirani aliporudi aliipokea gundi haijaguswa. Pembe tu ndizo zilikuwa zimelainika, kwa kuhamishwahamishwa kila shangazi alipopanga nguo. Sala zake zilikuwa fupi, na mara nyingine alisinzia katikati. Hakuwahi kunieleza anasikia nini akisali, wala sidhani kama alijiuliza.

Ndiyo maana sababu yako ya pili hainitishi. Mama Teresa wa Calcutta, yule mtawa wa Kikatoliki aliyewahudumia maskini, alifariki mwaka 1997. Mwaka 2007 barua zake kwa viongozi wake wa kiroho zikachapishwa, na watu wakajua kwamba kwa karibu miaka 50 alikuwa akiomba gizani, asimhisi yule Mungu aliyekuwa akimtumikia. Wapo waliosema basi alikuwa akiigiza. Mimi nilipojua habari hizo nilimheshimu zaidi, kwa sababu asubuhi kulipokucha aliwaendea wanaokufa palepale, moyo wake ukiwa mkavu. Ukavu huo ulionao wewe si ushahidi kwamba hapana kitu ndani yako. Uliniambia kila mwezi unamlipia ada mtoto wa jirani, na kwamba hujamwambia mtu. Wewe huiiti dini hiyo. Mimi naiita, tena bila kusita.

Sikuandikii ili nikurudishe kwenye safu. Mimi bado nasali na sitaacha; sala kwangu ni kama mtu anayefungua daftari la madeni yake kila jioni asije akajisahau. Tatizo ni pale daftari linapofunguliwa kila siku na asilipwe mtu.

Na hapo kuna jambo sijawahi kukuambia. Siku ya kile kikao nilikuwepo. Nilikuwa na miaka 24, kalamu ilikuwa mfukoni mwangu, na moyoni nilijua zile fedha lazima ziandikwe. Nikawaonea haya wazee, nikanyamaza. Miaka yote hii nimesali, na sijakuomba radhi hata mara moja. Nakuomba leo. Nisamehe, mdogo wangu.

Jumamosi nakwenda kwake kudai hesabu, mbele ya mashahidi wawili, na safari hii itaandikwa. Kiasi ninachoweza kuanza kukulipa nimeshakitenga, yeye atoe asitoe. Natamani twende wote. Kama hutaki kumwona, nitakuelewa. Nipe tu ile barua ya shule, niende nayo.

Ni mimi, kaka yako.