Kabla hujawashtaki wote, shosti

Shosti wangu,

Meseji yako niliiona juzi usiku nikasema hapana, hii siijibu kwa voisi noti, maana nitaishia kupiga kelele na wewe utasikiliza nusu. Ngoja niandike. Umesema meneja wako wa biashara kaondoka, wateja watatu wakubwa wamemfuata ndani ya mwezi mmoja, na washirika wenzako wanataka mburuze mahakamani kila mtu, yeye, kampuni aliyohamia na hao wateja pia. Halafu ukaniuliza "nyie mliwezaje?" Jamani. Hatukuweza. Huko nje watu wanajua tu kwamba kesi iliisha.

Unamkumbuka yule mkurugenzi wetu wa mauzo, yule mcheshi aliyekuwa anajua mpaka majina ya watoto wa wateja? Aliacha kazi kwa barua ya mistari minne, hakuna ugomvi wala nini, tukamwaga vizuri kabisa na mimi ndiye nilichangisha pesa za zawadi (hiyo bado inaniuma). Wiki ya tatu tunasikia yuko kwa washindani wetu. Wiki ya tano mteja wetu mkubwa kuliko wote anaandika kwamba haongezi mkataba, na wawili wengine wakaacha kulipa invoisi zilizobaki.

Bosi akaita kijana wa kompyuta akamwambia chimba. Akachimba kweli. Siku nne kabla ya ile barua ya kuacha kazi, Ijumaa saa tano usiku, bwana yule alikuwa amejitumia faili kwenye imeli yake binafsi, na faili lenyewe kaliita "picha za harusi". Mtu ana ndoa ya miaka kumi na kitu, harusi gani? Tukalifungua, ni orodha ya wateja wote, nani anasaini, mkataba wake unaisha lini, punguzo analopewa ni kiasi gani, nani mlalamishi. Bosi alicheka siku hiyo mpaka nikaogopa. Aliona ameshinda.

Wakili wetu yeye hakucheka. Mzee wa watu alisoma ile karatasi mara mbili akauliza, je, hapa ofisini watu wana kawaida ya kujitumia mafaili nyumbani? Kimya. Kila mtu anaangalia meza. Kwa sababu ukweli ni kwamba sote tulikuwa tunafanya hivyo, mfumo wa kuingilia kazini ukiwa nyumbani ulikuwa unakwama kila siku, na bosi mwenyewe aliwahi kumwandikia huyo huyo mkurugenzi "tuma kwa imeli yako ya kawaida, umalizie nyumbani". Na hiyo imeli ipo. Nimeishika kwa mkono wangu. Kilichotuokoa ni lile jina la harusi tu, maana mtu anayepeleka kazi nyumbani kwa nia njema hana sababu ya kulivalisha faili nguo isiyo yake.

Halafu akatupa darasa, na hapa ndipo nataka utulie. Akasema huko Uingereza mwaka 1895 kuna kesi ya Robb na Green, meneja wa mtu aliyekuwa anauza mayai na ndege wa kuwinda alikaa akanakili majina ya wateja kutoka kitabu cha oda cha bosi wake kwa siri, akaondoka akafungua biashara yake. Alishindwa. Mahakama ikasema mfanyakazi ana wajibu wa uaminifu hata kama haukuandikwa kwenye mkataba. Tukapiga makofi. Akasema ngojeni. Mwaka 1986, huko huko, kampuni ya Faccenda Chicken ilimshtaki meneja wake wa zamani wa mauzo, Fowler, aliyeanzisha biashara kama ile ile ya kuuza kuku kwa magari ya baridi na kuondoka na wafanyakazi wanane. Alitumia aliyokuwa anayajua, wateja ni nani, wanakaa wapi, wanachukua nini siku gani kwa bei gani. Mahakama ya Rufaa ikasema hizo si siri za biashara za kiwango cha kumfunga mtu akishaondoka, na kwenye mkataba hakukuwa na kifungu cha kumzuia. Kampuni ikatoka mikono mitupu. Wakili akatuambia kichwa hakirudishwi ofisini, faili ndilo linarudishwa.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwako, meneja wako kabeba kitu kinachoshikika au kabeba anachokijua tu? Kama ni cha pili, kila kitu kinategemea kifungu ulichomsainisha.

Na vifungu ndo balaa jingine. Chetu kilisema asifanye kazi popote kwenye sekta yetu kwa miezi kumi na miwili, kwa namna yoyote ile. Tulikinakili kutoka mkataba wa kampuni nyingine, sijui nani aliuleta. Wakili akasema mahakama nyingi hazipendi kifungu kinachomfungia mtu riziki, zinauliza unalinda nini hasa na je umezidisha. California ndo kabisa, sheria yao tangu 1872 inasema mkataba wa kumzuia mtu asifanye kazi yake ni batili, basi. Akatupa na ya Tillman na Egon Zehnder, mama mmoja mkubwa kwenye kampuni ya kutafuta mabosi wa makampuni, kifungu chake kilikuwa cha miezi sita tu, lakini neno moja mle ndani lilikuwa pana kiasi kwamba lingemzuia hata kuwa na hisa kidogo kwa washindani. Aliondoka 2017, wakapanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka Mahakama ya Juu ya Uingereza, ambayo mwaka 2019 ililifuta lile neno na kukiacha kifungu kilichobaki kisimame. Kampuni ikashinda. Ila miezi sita yenyewe ilikuwa imeisha siku nyingi! Unaona uchizi huo?

Ndio maana watu hukimbilia zuio la muda, yaani amri ya mahakama ya kumzuia mtu wakati kesi bado inaendelea. Na sisi hapo tulizembea, bosi alikaa wiki sita anaandika barua za vitisho mwenyewe, na ukienda kwa hakimu kuomba zuio la dharura cha kwanza anakuuliza kama ni dharura ulikuwa wapi. Pia unatakiwa kuahidi kwamba ukishindwa baadaye utamfidia yule uliyemzuia. Bosi hakuambiwa hilo na mtu, alipolisikia alibadilika rangi. Tulipata zuio dogo tu, arudishe faili, alifute kila alipoliweka, asilitumie. Kufanya kazi aliendelea kama kawaida.

Sasa wateja. Hapa ndo nikushike mkono.

Bosi alisema hawa nao wasaliti, washtakiwe. Yule mkubwa mkataba wake ulikuwa umefika mwisho, hakutudai hatumdai, kosa lake ni kutotupenda tena, na hilo halina sheria. Wakili alikataa kumgusa. Wale wawili walikuwa na invoisi kweli na mmoja alitakiwa kutoa notisi ya miezi mitatu akatoa ya wiki mbili. Hapo tulikuwa na haki. Lakini ukimshtaki mteja, shosti, yeye halipi akanyamaza. Anafungua daftari lake. Walileta madai yao dhidi yetu, kazi iliyochelewa, ripoti zenye makosa, saa tulizowachaji ambazo hakuna mtu aliyefanya, wakazijumlisha na kusema tukikatana ninyi ndio mnatudai kitu gani sasa? Na wakaapa kwamba hakuna aliyewashawishi, wao wenyewe ndio walimpigia simu mkurugenzi kumuuliza yuko wapi siku hizi. Utabishaje?

Halafu ikaja hatua ya kutoa nyaraka. Hii hakuna aliyetuonya nayo vizuri. Ukishafungua kesi, kwenye mahakama zinazofuata mfumo wa Waingereza kila upande unatoa nyaraka zinazohusu kesi hata zile zinazokuumiza. Mimi ndiye niliyekaa na wakili kijana siku kumi na moja kwenye kile chumba cha mikutano kisicho na dirisha tukipitia imeli za miaka mitatu, yeye anasoma, mimi namwambia nani ni nani. Siku ya sita akasimama. Akanigeuzia skrini bila kusema kitu. Ilikuwa imeli ya bosi kwa mkurugenzi, "hawa wapandishie, hawasomagi invoisi". Anawasema wale wale tunaowadai. Chini yake kuna jibu la mkurugenzi, "bosi wakigundua itatuumiza". Na chini kabisa, mwaya, kuna jibu langu mimi, ki-emoji cha kucheka. Kimoja tu. Nilitamani ardhi ipasuke. Wakili kijana akasema kwa upole, "hiki nacho tunakitoa dada."

Ndo siku niliyoelewa kwa nini wateja walimfuata yule mwizi wa faili. Alikuwa mwizi na bado alikuwa anawatetea kuliko sisi, vyote viwili kwa mpigo, na mahakamani huwezi kumpeleka nusu mtu.

Mengine yalienda haraka. Tukakaa kwa msuluhishi, siku mbili, vyumba tofauti, yeye anatembea katikati kama mshenga. Mkurugenzi alikubali asiwatafute wateja waliotajwa kwa majina mpaka muda fulani na akalipa sehemu ya gharama za kumchunguza laptopu. Wale wawili walilipa kidogo chini ya nusu ya invoisi, sisi tukaacha mengine, wao wakaacha yao. Kila mtu na wakili wake. Nilijumlisha mimi mwenyewe maana ndo kazi yangu, tulicholipa mawakili kilizidi tulichokuwa tunadai wateja wote wawili. Bosi mpaka leo anasema tulishinda.

Najua washirika wako watakutajia ile ya Waymo, kampuni ndugu ya Google, na Uber, mhandisi wa Google Levandowski aliyeshusha mafaili kama elfu kumi na nne kabla ya kuondoka, akaishia Uber, na Uber wakamaliza kesi 2018 kwa kuwapa Waymo hisa zenye thamani ya kama dola milioni 245. Sawa. Lakini wao walikuwa wanagombania teknolojia ya magari yanayojiendesha, na wenye kesi walikuwa na pesa za kuchoma. Na hakuna mteja hata mmoja aliyeburuzwa pale.

Mimi ningekuwa wewe ningewatenganisha. Meneja, kama kuna faili, wakili amwandikie wiki hii hii, sio mwezi ujao. Wateja uwapigie wewe mwenyewe, usimtume mtu, uwaulize kwa nini wameondoka halafu unyamaze usikilize. Na kabla ya yote hayo soma imeli zako za mwaka mzima kama vile wewe ndiye wakili wao, utajua kama kesi unaitaka.

Nitumie picha ya kile kifungu, ukurasa huo tu sio mkataba mzima, tusije tukavujisha siri zako na sisi hahaha. Na mwambie fundi wako asiiwashe ile laptopu aliyoirudisha meneja, wala asimpe mfanyakazi mwingine, aifungie kabatini na aandike nani kaishika na saa ngapi. Yetu walikuwa wameshaisafisha na kumpa mtu wa mapokezi.