Jicho linafunga siku hizi?

Mdogo wangu,

Shangazi kaniambia unasema mimi ndiye niliyekuharibia uso. Haya. Simu zangu hupokei, basi nakujibu hapa, na watakaosoma wasome.

Asubuhi ile pale karoni umesukutua, maji yakachuruzika upande wa kushoto mpaka kwenye fulana. Nilicheka, nakiri. Kwa mizaha yako, nani asingecheka? Ukasema, "Dada, mdomo hausogei," na jicho moja likagoma kufumba. Nikilala, jicho lile huniangalia.

Mama akasema ni upepo. Jirani akasema umerogwa kwa ajili ya yule binti. Mimi nikawaza kiharusi, na kiharusi cha mtoto wa miaka 22 kikanitisha kuliko uchawi, ndiyo maana nilinyamaza uliponyweshwa kombe siku nne. Usiseme nilikutupa. Nauli ya bajaji ilitoka kwangu.

Daktari alikuambia ukunje paji la uso. Upande wa kushoto ukabaki laini kama wa mtoto mchanga. Akasema kiharusi mara nyingi hukuacha ukikunja paji; huu ni mshipa wa fahamu wa uso umevimba, na huwapata hata vijana wazima waliolala salama. Kadi ikaandikwa Bell. Tukadhani ni jina la dawa, kumbe ni la daktari wa Uskoti aliyekufa zamani! Dawa ilikuwa prednisoloni, na inatakiwa ianzwe ndani ya saa 72. Sisi tumefika siku ya tano.

Wengi hupona hata bila dawa. Kwa hiyo huwezi kuapa kwamba ni zile siku nne, wala mimi siwezi kuapa kwamba sizo. Ila nani alikuwa akiamka usiku kukubandika plasta jichoni lisikauke? Na bado hupandi bodaboda na miwani, nimeambiwa.

Najua lakini, si kombe unalonidai. Ni picha ya harusi yangu. Nilimnong'oneza mpiga picha akusogeze mwisho wa mstari, umgeuzie shavu la kulia. Nilidhani nakusitiri. Wageni wa upande wa mume walikuwa wanatazama, ungekuwa wewe ungefanyaje? Ulisogea bila neno. Ukatoa leso, ukajipangusa mate ambayo hayakuwepo.

Mama kaificha albamu kabatini kwake.

Shangazi hakuniambia kama jicho linafunga. Nilimwuliza mara mbili.

Dada yako