Mwanangu, uliionaje hiyo ndege?

Tabora,
8 Aprili 1979

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, ila goti la mama yako, nalo ni la siku zote.

Barua yako ya tarehe 30 Machi imefika juzi. Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza mbiombio, nikitafuta kama u mzima. Mara ya pili nilimsomea mama yako. Mara ya tatu niliisoma peke yangu ghalani, na hapo ndipo liliponikwama neno moja. Umeandika kwamba ndege ya Gaddafi wa Libya, huyo anayemsaidia Amin wa Uganda katika vita hivi na sisi, ilipita chini hapo Mwanza, mabawa yake yamelala nyuma kama ya mbayuwayu. Sasa nijibu, mwanangu: uliionaje? Februari ulinieleza mlivyochimba mahandaki nyuma ya bwalo, ukanichorea na picha, magogo juu na udongo juu ya magogo, na ukasema mtu akiwa ndani haoni hata kiganja chake. Aliye humo ndani anaona mbayuwayu gani?

Mama yako hakulishika hilo. Au amelishika akanyamaza, unamjua. Nami sikumwambia kitu.

Siku ile nilikuwa zamu. Simu ya reli iliitangulia redio. Tuliambiwa tu Mwanza imepigwa bomu, basi, laini ikakatika. Sijui ilipita saa nzima au robo saa. Iliporudi ndipo tukaambiwa ni Kisiwa cha Saa Nane, kile cha hifadhi ya wanyama, wamekufa swala na ndege wa pale, na mfanyakazi mmoja kaumia kidogo. Wenzangu walicheka sana. Wakasema Gaddafi alitupa saa 24 tuondoe jeshi Uganda, kumbe alikuwa na ugomvi na swala. Nami nilicheka. Kisha nikaenda nyuma ya behewa nikakaa chini, maana miguu ilikuwa haina nguvu. Wanasema shabaha yake ilikuwa matangi ya mafuta. Mtu aliyekosa matangi akapiga kisiwa, kesho atakosa kisiwa apige nini? Wewe una 78 za hesabu, nipigie hiyo.

Hizo 78 nimezitangaza mpaka kwa balozi wa nyumba kumi. Mama yako amekunja ile karatasi ya matokeo akaiweka ndani ya kopo la majani ya chai, pamoja na kadi yake ya chama. Lakini jiografia 41, mwanangu? Mtoto wa karani wa mizigo, unayezijua stesheni zote kutoka hapa mpaka Mwanza kwa moyo? Au siku hizi jiografia mnasomea angani?

Umeandika pia, tena kwa majivuno, kwamba kidato cha kwanza walikimbia wakilia lakini ninyi wa kidato cha tatu hamkukimbia. Hao watoto wa kidato cha kwanza ndio wenye akili. Kikigongwa kile kipande cha reli cha kuwaita handakini, unakimbia. Usiulize ni ndege ya nani. Usingoje kiranja akuite. Usirudi bwenini kuchukua kitu, hata kama ni hii barua. Chuma kile nakijua, kinasikika mbali, hakuna wa kuniambia hakusikia.

Na jambo jingine: mashati yenu meupe. Mtu aliye juu anaona nini kwanza kama si shati jeupe kwenye majani? Mama yako anakutumia kanga mbili, ile ya buluu na ile ya kahawia iliyofifia. Ya kahawia ndiyo ya handaki. Ifunge kiunoni tangu asubuhi, mkikimbia ujifunike. Mwalimu wa zamu akikuuliza, mwambie ni amri ya baba, na kama hataki aniandikie.

Nimesikia mmeacha prepo ya usiku kwa sababu ya kuzima taa. Si neno. Soma mchana, hata wakati wa kungoja uji. Usisomee kibatari ndani ya blanketi, utaunguza bweni kabla Amin hajafika.

Kaka yako hajaandika tangu Januari. Wanamgambo walioondoka naye Novemba, wawili wameandikia kwao, mmoja anasema alimwona ni mzima, amekonda. Hakusema alimwona wapi. Redio inasema wanaosonga mbele ni wakombozi wa Uganda wenyewe. Mimi naona kinachopakiwa kwenda kaskazini, na zaidi ya hapo siandiki. Kila treni ya jeshi ikipita mama yako huuliza imebeba nini. Mwanzoni nilikuwa namwambia saruji. Siku moja akaniuliza, saruji yote hiyo wanajenga nini? Tangu siku hiyo haulizi tena.

Kwa hiyo uelewe. Mmoja wangu yuko huko, na huyo nilijua tangu Mwalimu Nyerere aliposema sababu tunayo na nia tunayo kwamba hatazuilika. Wewe nilikuhesabu upo darasani. Usiniharibie hesabu.

Sasa nitakwambia jambo ambalo mama yako halijui vizuri, nawe usilitie kwenye barua ya kumjibu yeye. Januari 1964 askari walipoasi hapa Tabora, siku moja baada ya wale wa kambi ya Colito kule Dar es Salaam, watu walifunga milango. Mimi nilimwambia mama yako nakwenda kutafuta maziwa. Sikwenda kwenye maziwa. Nilipanda mwembe, ule wa karibu na njia ya kambini, nikakaa juu kutazama askari wakipita na bunduki. Nilikuwa mtu mzima, nina mke na watoto wawili, na wewe ulikuwa mgongoni hujatimiza hata mwaka. Nilishuka jua linazama. Maziwa sikupata. Sikuandikii haya ili useme hata baba alitazama.

Lile la tumbo lako la Januari sitaki tulizungumze kwa barua. Watoto wengi huumwa tumbo siku ya safari, nami nilishachukua kiti, na waranti yako ya safari ilikuwa mfukoni. Maneno niliyoyasema pale stesheni yalisikika na watu, hilo najua. Shule ya wasichana ipo hata hapa Tabora, na nafasi ya kuulizia uhamisho ilikuwepo. Sikuulizia. Niliona kama Amin atakuwa ametuhamisha yeye. Basi.

Huyo mwenzio wa ng'ambo ya Kagera unayelala naye kitanda kimoja, ambaye hajapata barua ya kwao tangu Oktoba, mwambie likizo aje nawe huku kama shule itaruhusu. Mama yako ameshaamua atalala wapi. Wale watu wamefanyiwa mambo mabaya na askari wa Amin, nyumba, ng'ombe, mpaka kiwanda cha sukari kimeporwa. Usimuulizeulize. Na akiogopa kuingia handakini kwa sababu ya aliyoyaona kwao, kama ulivyoandika, mshike mkono uingie naye. Usibaki naye nje kumbembeleza. Bembelezea ndani.

Ya nyumbani ni haya. Masika yametukuta paa la jikoni halijazibwa, mabati hakuna, tumeweka turubai kuukuu nililoliomba kazini. Mbuzi mweusi amezaa mapacha, mmoja jike. Mtaa wetu ulitoa mbuzi wawili na magunia ya karanga kwa ajili ya vita, mmoja alikuwa yule beberu aliyekula daftari lako, kwa hiyo naye sasa yuko jeshini. Sukari kilo moja kwa familia, foleni tangu alfajiri, na hapo uwe na bahati. Betri za redio zimeadimika. Tunazianika juani mchana, jioni zinatupa habari na nusu ya Mazungumzo Baada ya Habari, kisha sauti inazama.

Nakutumia mche mmoja wa sabuni, karanga za kukaanga na chupa ya asali kwa mkono wa mfanyakazi mwenzangu anayepanda treni ya Jumanne, kama treni ya Jumanne itakuwepo, maana za abiria siku hizi zinapishwa kando mpaka za jeshi zipite. Sabuni ikate vipande sita, usiiweke bafuni. Asali mpe matroni kijiko. Shilingi ishirini zimo ndani ya karanga, zimefungwa kwenye nailoni.

Ukijibu, andika jambo moja kabla ya salamu: kwamba siku nyingine utaingia na utakaa mpaka waseme tokeni. Niandikie hivyo hivyo, kwa maneno hayo, nipate kumsomea mama yako bila kuruka mstari.

Mdogo wako wa kiume anataka umweleze ndege ilikuwa kubwa kiasi gani, kama behewa moja au mawili. Nimemwambia hukuiona, ulikuwa handakini.

Ni mimi baba yako.